Kuhifadhi Mengi kwa Kushika Machache

Kuhifadhi ni tendo la imani. Mkulima awekaye nafaka ghalani, katibu atiaye wino karatasini, na bibi amfundishaye mjukuu nasaba ya ukoo wake, wote watatu hukiri jambo moja: kwamba kesho itakuwako, na kwamba kesho hiyo ina haki juu ya leo. Lakini ndani ya tendo hili jema limo swali ambalo watu hawaliulizi mara nyingi. Swali lenyewe ni hili: mwenye kuhifadhi ana ruhusa ya kuacha nini ili apate kuhifadhi? Hakuna chombo kisichojaa, wala mkono usiochoka. Adaiye kwamba ataweka yote bila ya kuacha lolote, ama hajui kipimo cha chombo chake, ama hajui wingi wa vitu vyake.

Nimependa kulitazama swali hili katika kazi ya kompyuta, si kwa sababu kompyuta ina hekima kuliko mtu, bali kwa sababu haina udhuru. Mtu akishindwa kuhifadhi husingizia uzee, shughuli au bahati mbaya. Mashine ikishindwa huonyesha wazi mahali iliposhindwa, na hesabu yake huweza kuhakikishwa na kila ajuaye kujumlisha.

Ndani ya kompyuta mna mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni kumbukumbu, ambamo programu hutandaza vitu vyake inapofanya kazi, kama fundi atandazavyo zana mezani. Pa pili ni diski, ambayo ni ghala. Kumbukumbu ni nyepesi wa kujibu: ikiulizwa, hutoa jawabu kwa kadiri ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka hutaka kadiri ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Basi tofauti baina yao ni ya mara laki moja. Walakini kumbukumbu, pamoja na wepesi wake wote, ni sahaulifu. Umeme ukikatika, yote yaliyokuwamo hutoweka kama maandishi ya mchangani maji yajapo. Lugha yetu imeipa jina la kumbukumbu, nayo ndiyo isahauyo. Diski, iliyo nzito na ya polepole, ndiyo ikumbukayo. Kwa hiyo kila programu yenye kazi ya maana lazima ifike saa ya kuhamisha mambo yake kutoka mezani kwenda ghalani. Saa hiyo ndiyo nitakayoisema.

Tuchukue mfano ulio karibu na kazi yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Mkusanyo wa Kiswahili wa Helsinki, katika toleo lake la pili, una maneno yapatayo milioni 25. Tukikadiria kwamba neno moja pamoja na nafasi iliyo baada yake huchukua herufi saba, matini matupu ya maneno hayo hayazidi baiti milioni 175, mzigo ambao hata kompyuta dhaifu hubeba bila ya kulalamika. Lakini programu haiyashiki maneno kama ukurasa uyashikavyo. Katika Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa kwa watu mwaka 1991, kila neno fupi likisimama peke yake hutaka karibu baiti 50, kwa kuwa huchukua pamoja nalo habari za aina yake, urefu wake na hesabu ya wanaolitumia. Na orodha inayolitaja hutaka baiti 8 tena. Fanya hesabu, msomaji, nawe utaona kwamba matini yale ya baiti milioni 175 yamekuwa mzigo wa baiti milioni 1,450. Ukiongeza maelezo ya sarufi kwa kila neno, yaani asili yake, aina yake na ngeli yake, mzigo huzidi mara kadhaa tena.

Sasa mwanafunzi amefanya kazi mchana kutwa, kompyuta yake ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, na programu yake imekwisha shika 5. Anataka kuhifadhi. Anaamuru vitu vyote vigeuzwe kuwa mfululizo mmoja wa baiti, kisha mfululizo huo uandikwe katika diski. Amri hii yaonekana ndogo, lakini tazama itakavyo. Vitu vya asili havina budi kukaa mahali pao mpaka vimalize kusomwa. Mfululizo mpya nao unajengwa wote kando yao kabla ya baiti moja kufika katika diski. Kwa muda huo kazi ile moja imekaa katika kumbukumbu kwa maumbo mawili. Ikiwa mfululizo wataka gigabaiti 2, na mambo mengine ya lazima yataka moja na zaidi, nafasi imekwisha. Mfumo wa Linux, unapokosa kabisa kumbukumbu, huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipate kuishi. Na mara nyingi iliyoshika mengi kupita wenzake ndiyo inayochaguliwa. Hivyo kazi ya mchana kutwa imekufa, nayo haikufa kwa uvivu wala kwa kupuuzwa. Imekufa katika tendo lile lile la kutaka kuokolewa.

Hapa pana jambo la kufikiriwa na kila mwenye amana. Kupotea kwa mali kwa kutojali ni jambo la kawaida, na lawama yake ni nyepesi kuieleza. Kupotea kwa mali mikononi mwa ajitahidiye kuihifadhi ni msiba wa namna nyingine. Aliyekosa hapa hakukosa nia, alikosa kipimo. Alidhani kwamba ili atue mzigo wote, lazima kwanza aunyanyue wote kwa mara moja. Nia njema haimwongezei mtu nguvu za mabega.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kongwe, na wazee waliijua kabla ya mashine: haba na haba hujaza kibaba. Programu haina haja ya kujenga mfululizo mzima. Huweza kuchukua sehemu ndogo, kuigeuza, kuiandika katika diski, kuiachilia, kisha kuchukua sehemu ya pili. Ghala hupokea kile kile ambacho lingepokea, lakini meza haijai. Mtu ahamaye nyumba hachukui vyombo vyote kichwani kwa safari moja. Hurudi mara nyingi, na hakuna amwonaye kuwa mpumbavu. Katika miaka ya 1950 watu waliofanya kazi na mashine za wakati ule hawakuwa na njia nyingine. Diski ya kwanza ya biashara, ile ya RAMAC iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na uzito uliozidi tani moja, nayo ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Kumbukumbu za mashine zilikuwa ndogo zaidi kwa mbali. Hata hivyo orodha kubwa za watu na mali zilipangwa na kuhifadhiwa, kwa sababu John von Neumann alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1945, namna ya kupanga mengi kwa kuunganisha makundi madogo yaliyokwisha kupangwa. Namna hiyo iliwafaa sana wenye tepe za sumaku: wakasoma kidogo, wakaandika kidogo, na mwisho wake kazi kubwa ikatimia. Chombo kilichowachukua watu mwezini mwaka 1969 kiliongozwa na kompyuta yenye nafasi 2,048 tu za kumbukumbu ya kuandikwa na kufutwa. Uchache haukuwazuia. Uliwafundisha adabu ya kuweka chini kila wasichokihitaji kwa wakati ule.

Kama habari ingeishia hapa, ingekuwa nyepesi, nami nisingeona sababu ya kuiita suala la maadili. Lakini kuacha na kuachilia kuna hatari yake, na hatari hiyo ndiyo moyo wa neno langu.

Python ina chombo cha kuhifadhia vitu kiitwacho pickle, jina lenye maana ya achari. Jina hilo limepatana na kazi: embe bichi laoza kwa siku chache, na embe la achari lakaa miezi. Achari hii ya kompyuta inapohifadhi vitu, hushika daftari. Kila kitu ilichokwisha kukiandika hukitia katika daftari hilo, ili ikikutana nacho tena isikiandike mara ya pili bali iseme tu, “Ni kile kile cha kwanza.” Daftari hili lina gharama. Kadiri vitu vinavyozidi, nalo hukua. Na mtu ahifadhiye mamilioni ya vitu huona daftari peke yake likila sehemu kubwa ya kumbukumbu iliyobaki. Kwa hiyo huja fikira ya kulitupa. Chombo chenyewe hutoa njia ya kulizima, ingawa watunzaji wake wameiacha njia hiyo na hawaisifu.

Je, kwa nini hawaisifu? Kwa sababu daftari halikushika vitu. Lilishika undugu wa vitu. Fikiri juu ya mtu mmoja atajwaye katika hadithi tatu. Mwenye daftari akihifadhi hadithi hizo, zitakapofunguliwa kesho mtu yule atakuwa mmoja, na akibadilishwa jina katika hadithi ya kwanza, atakuwa amebadilishwa katika zote. Asiye na daftari atahifadhi watu watatu wafananao kama mapacha wasiojuana. Hakuna neno lililopotea, hakuna herufi iliyopungua. Kilichopotea ni ule umoja uliowafanya watatu kuwa mmoja. Tena kuna vitu vinavyotajana kwa duara: baba amtaja mwana, na mwana amtaja baba. Programu isiyo na daftari humwandika baba, ikaambiwa amwandike mwana, ikaambiwa amwandike baba tena, ikazunguka hivyo mpaka ikaanguka. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba huweza kupotea hata pale ambapo mali yote yaonekana kuwapo.

Basi mwenye kuhifadhi amewekwa kati ya mambo mawili. Akishika yote, atakufa na mzigo. Akiachilia ovyo, ataokoa vipande na kupoteza umbile. Njia ya wenye busara ni ya tatu, nayo ni kukata penye kiungo. Mchinjaji ajuaye kazi yake hapigi shoka popote. Hutafuta mahali ambapo maumbile yenyewe yameachana, na kisu hupita bila ya kuvunja mfupa. Vivyo hivyo mwenye mkusanyo wa maneno hutafuta mahali ambapo sehemu moja haidai kitu kwa sehemu nyingine: labda kila kitabu peke yake, au kila gazeti peke yake. Huhifadhi kitabu cha kwanza pamoja na undugu wote ulio ndani yake, hulifuta daftari, kisha huanza kitabu cha pili. Na kwa yale yaliyo ya wote, kama neno “na” au “ya” lirudiwalo mara elfu nyingi, huandika orodha moja ya maneno, kisha mahali pengine popote huandika namba ya neno badala ya neno lenyewe. Kwa njia hiyo ya pili mzigo hupungua hata kabla ya saa ya kuhifadhi, kwa kuwa kile kilichokuwa nakala elfu kimekuwa kimoja chenye kutajwa mara elfu. Lakini angalia ya kwamba njia hizi zote mbili zataka kitu kimoja, nacho ni kuvijua vitu. Asiyejua kipi ni ndugu wa kipi hawezi kukata vizuri. Uchumi wa kweli ni tawi la elimu. Uchumi bila ya elimu ni ukataji wa macho yaliyofumbwa.

Yapo mambo mengine mawili ambayo mwenye kubana nafasi hushawishika kuyafanya, nayo yafaa kutajwa. La kwanza ni kuandika mapya juu ya ya zamani, ili diski isibebe nakala mbili. Umeme ukikatika katikati ya maandishi hayo, ya zamani yamekwisha kuharibika na mapya hayajakamilika. Wajuzi huandika faili jipya kando, na likisha kukamilika ndipo hulipa jina la lile la zamani kwa tendo moja lisilogawanyika; hapo asomaye hukuta ama la zamani zima ama jipya zima. Usiache mbachao kwa msala upitao: methali hii ingeweza kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha kompyuta. La pili ni kuamini neno “tayari” mapema mno. Mfumo wa kompyuta huiambia programu kwamba maandishi yamepokewa, ilhali bado yamo katika kumbukumbu yakingoja zamu ya kwenda katika diski. Programu yenye uangalifu huuliza tena, na kungoja mpaka diski yenyewe ijibu, kisha ndipo hulifuta la zamani. Kungoja huko ni hasara ya muda, nami sioni muda uliotumiwa vizuri zaidi ya huo. Mwenye amana hapimwi kwa wepesi wa kusema “nimeweka”.

Sasa nafika kwa deni lililo zito kupita yote, yaani lile la wasiokuwapo. Katika miaka ya 1960 na 1970 waandishi wengi wa programu waliuhifadhi mwaka kwa tarakimu mbili badala ya nne. Kadi ya kutobolewa ilikuwa na safu 80 tu, na kumbukumbu ilikuwa ghali. Kuandika 65 mahali pa 1965 kulikuwa kuokoa nafasi mbili katika kila tarehe, na tarehe zilikuwa mamilioni. Hakuna mwenye haki ya kuwacheka, maana uhaba wao ulikuwa wa kweli. Lakini programu zile ziliishi kupita matarajio yao, na mwaka 2000 ulipokaribia ikaonekana kwamba mashine nyingi zitaisoma 00 kama 1900. Serikali, mabenki na makampuni ya dunia yakatumia mabilioni mengi ya dola kurekebisha. Siku ilipofika madhara yakawa machache, na watu wengine wakasema kwamba hofu ilikuwa bure, wakisahau kwamba madhara yalikuwa machache kwa sababu kazi ilikuwa kubwa. Wala hadithi hii haijesha. Mifumo ihesabuyo sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa namba ya biti 32 itafikia mwisho wa hesabu yake tarehe 19 Januari 2038, na ile ambayo haitakuwa imerekebishwa itarudi nyuma kama saa iliyopotewa na akili.

Tofauti kati ya hawa na mwanafunzi wetu aliyekata penye kiungo i wapi? Wote wamebana nafasi. Mwanafunzi amebana kwa jasho lake mwenyewe: amesoma vitu vyake, amevipanga, amekubali kwenda na kurudi mara nyingi, na aliyempokelea amana kesho atapokea umbile zima. Wale wa tarakimu mbili walipunguza mzigo wao kwa kuupeleka mbele, kwa watu ambao hawakuwapo katika shauri. Uchumi wa namna ya kwanza ni wema. Uchumi wa namna ya pili ni mkopo uliochukuliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama mkopaji hakukusudia udanganyifu. Ukitaka kujua ubanaji wa mtu ni wa namna ipi, usiulize ameokoa kiasi gani. Uliza ni nani atakayelipa.

Huenda msomaji akanijibu kwamba siku hizi kumbukumbu ni rahisi, na mtu mwenye shida anunue zaidi badala ya kuumiza kichwa. Jawabu hili lina ukweli nusu. Si kila mahali panapofaa kubana. Mtu mwenye vitu vichache na chombo kikubwa hana sababu ya kujitesa, na uangalifu usio na haja ni ubahili wa akili. Hata watengenezaji wa vyombo wenyewe hawakuacha kujitahidi: mwaka 2019 Python ilitoa namna mpya ya achari yake iruhusuyo fungu kubwa la data kupita bila ya kunakiliwa kwanza. Lakini neno “rahisi” lina bei mbili. Alionalo mwenye maabara ya fedha nyingi si alionalo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kuazima yenye gigabaiti 4. Programu iliyoandikwa na mwenye nacho, kwa kipimo cha mwenye nacho, humfungia mlango asiye nacho bila ya kumwambia neno. Na kwa lugha kama yetu, ambayo matini yake mengi bado hayajakusanywa wala kupangwa, kufungwa kwa mlango huo kuna maana kubwa. Kama kuhifadhi Kiswahili kutahitaji mashine za matajiri, Kiswahili kitahifadhiwa na matajiri, kwa uchaguzi wao na kwa mpango wao. Anayeifanya programu yake ihifadhi kidogo kidogo amewaruhusu wengi kuwa wahifadhi. Kwangu mimi hilo si suala la ufundi peke yake. Ni suala la haki.

Basi mwenye kuhifadhi ana ruhusa ya kuacha nini? Nasema ana ruhusa ya kuacha uzito, na kujirudia, na fahari ya kushika yote kwa mkono mmoja. Hana ruhusa ya kuacha undugu wa vitu, kwa kuwa bila ya huo amehifadhi mifupa tu. Hana ruhusa ya kuachilia la zamani kabla ya jipya kujibu kwamba limefika. Na hana ruhusa hata kidogo ya kubana katika fungu la wale ambao bado hawajazaliwa, maana hao ndio walioagiziwa amana hii, naye ni mchukuzi wao. Mchukuzi mwema hujulikana pale mzigo unapofunguliwa na mwenyewe.